Seli za sola za rangi: Je, molekuli zake zitahimili jua la Katonga?

WAKATI jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo, ng’ambo ya Ziwa Tanganyika, ndipo kazi inapoanza katika mwalo wa Katonga, Manispaa ya Kigoma Ujiji. Mitumbwi inasukumwa majini, taa zinawashwa, na baada ya saa moja au mbili ziwa lote huonekana kama mji ulioelea, kwa wingi wa mianga iliyotapakaa juu ya maji. Dagaa wa Kigoma huvuliwa kwa mwanga. Samaki hao wadogo hupanda kutoka kina kirefu na kuufuata, kisha wavu huwainua.

Kwa miongo mingi mwanga huo ulitoka kwenye karabai, taa ya mafuta ya taa inayotiwa upepo kwa pampu. Mafuta yalikuwa sehemu kubwa ya gharama za usiku mmoja wa kazi, na usiku wenye dagaa wachache mvuvi aliweza kurudi nchi kavu akiwa na deni. Taa za umeme mdogo zenye betri zilipoingia, hesabu ilibadilika, na swali likawa namna ya kuijaza betri mchana. Paneli ya sola ndiyo jibu lililokubalika. Kigoma si mgeni katika jambo hilo. Mji huo kwa miaka mingi ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukitegemea jenereta za dizeli, na baada ya Tanzania na Marekani kutia saini mkataba wa msaada wa Changamoto za Milenia mwaka 2008, mpango wa awali wa kujenga mtambo wa umeme wa maji katika Mto Malagarasi uliachwa kwa sababu za kimazingira, nafasi yake ikachukuliwa na mradi wa umeme wa jua kwa shule, zahanati na vituo vya afya vya mkoa huo.

Paneli zinazoonekana leo juu ya mabati ya Katonga ni za silikoni. Ni ngumu na nzito, zimefunikwa kwa kioo, na zilizo bora huuzwa kwa dhamana ya miaka 25. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 30 wanasayansi wamekuwa wakitengeneza aina nyingine kabisa ya seli ya sola, isiyo na silikoni wala kioo kizito: utando mwembamba wa rangi, unaochapishwa juu ya plastiki kama gazeti linavyochapwa kwenye karatasi. Utando huo unaweza kukunjwa, kubandikwa juu ya turubai, au kushonwa kwenye mkoba. Kwa mtu anayeishi na mtumbwi, mahali ambapo kila kilo ina hesabu yake na kioo huvunjika, wazo hilo lina mvuto wa pekee.

Kikwazo kikubwa ni kwamba utando huo, ukiachwa nje, hufa mapema. Tena chanzo cha kufa kwake mara nyingi kimo ndani ya umbo la molekuli zenyewe, jinsi mkemia alivyoziunganisha tangu mwanzo.

Funzo la mawese

Mkazi wa Kigoma hahitaji kwenda maabara ili kulielewa jambo hili. Mawese, mafuta yanayoufanya mkoa huo usifike mbali na midomo ya wapishi wa nchi nzima, ni mekundu kwa sababu ya kemikali iitwayo karotini. Molekuli ya karotini ni mnyororo wa kaboni ambamo vifungo hupokezana: kifungo kimoja, kisha viwili, kisha kimoja tena, na kuendelea hivyo. Katika karotini iliyo ya kawaida zaidi, vifungo viwili-viwili vinavyopokezana kwa mtindo huo ni 11. Mpangilio huo huziacha elektroni zikiwa huru kutembea katika mnyororo, na elektroni zilizo huru namna hiyo ndizo zinazomeza mwanga na kuyapa mafuta rangi.

Yaache mawese hayo katika chupa nyeupe, juani, kwa muda mrefu. Wekundu hupungua, mafuta yakapauka, na harufu ikabadilika. Mwanga na oksijeni ya hewani vimeukata mnyororo, mpokezano wa vifungo umevunjika, na molekuli iliyobaki haiwezi tena kumeza mwanga kama zamani. Wauzaji wanaofunika madumu yao hawafanyi hivyo kwa sababu ya vumbi pekee.

Seli ya sola ya rangi, ambayo wataalamu huiita seli ya kikaboni kwa kuwa imejengwa kwa molekuli za kaboni, hutegemea mpokezano uleule wa vifungo. Mwanga ukiingia, elektroni huruka kutoka mahali pake na kuacha pengo, lakini elektroni na pengo hilo hubaki vimeshikamana. Ili umeme upatikane, lazima vitenganishwe. Kwa hiyo utando huchanganywa molekuli za aina mbili, moja yenye kutoa elektroni na nyingine yenye kupokea, zilizosokotana kwa karibu sana, kwani jozi hiyo husafiri umbali wa takriban sehemu 10 tu za bilioni ya mita kabla haijapotea bure. Utando wote una unene wa takriban sehemu 100 za bilioni ya mita. Kipande cha silikoni katika paneli ya kawaida ni kinene zaidi ya mara 1,000 ya hapo.

Katika wembamba huo, hasara ndogo haina mahali pa kujificha.

Historia yenye majina makubwa

Mwaka 1986 Ching Tang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Kodak nchini Marekani, alitangaza seli ya matabaka mawili ya rangi iliyogeuza takriban asilimia moja ya nguvu ya jua kuwa umeme. Mwaka 1992 Serdar Sariciftci na Alan Heeger, wakiwa California, walionyesha kwamba polima inayomeza mwanga huikabidhi elektroni yake kwa fulereni, molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira wa miguu, kwa kasi isiyo ya kawaida. Heeger, pamoja na Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa, alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000 kwa ugunduzi wa plastiki zinazopitisha umeme.

Polima za kwanza kutumika sana ziliitwa PPV. Zilikuwa na rangi nzuri na ziliyeyuka vizuri, lakini nje zilikuwa dhaifu kupita kiasi. Kati ya pete za kaboni za polima hiyo kulikuwa na daraja la kifungo cha kemikali cha mara mbili lililo wazi, lisilolindwa na pete yoyote, na hapo ndipo oksijeni ilipopiga. Utando wa PPV ulioachwa juani bila kufunikwa hupoteza rangi katika muda unaohesabiwa kwa saa.

Ikafuata P3HT, polima iliyotawala utafiti wa miaka ya 2000. Hii haina daraja hilo. Pete zake zenye salfa zimeungana moja kwa moja. Ilidumu zaidi sana kuliko PPV, na ikafikia ufanisi wa asilimia nne hadi tano. Lakini nayo ilikuwa na mahali pake pa kuumia, mahali ambapo wengi hawakupatazamia.

Tatizo liko mkiani

Polima hizi hazina budi kuyeyuka ili ziwe wino wa kuchapia. Pete tupu za kaboni haziyeyuki. Hung’ang’aniana kama mawe. Kwa sababu hiyo wakemia huzifunga mikia, yaani minyororo mifupi ya kaboni na hidrojeni inayoning’inia kando. Mikia haimezi mwanga wala haipitishi umeme. Kazi yake ni moja tu, kuifanya polima ikubali kuyeyuka.

Uchunguzi uliofanywa na Matthieu Manceau pamoja na wenzake, nchini Ufaransa na baadaye Denmark, ulibainisha kwamba katika P3HT uharibifu huanzia kwenye mikia hiyo. Kaboni ya kwanza ya mkia, ile inayogusana na pete, ina hidrojeni zilizoshikwa kwa ulegevu. Mwanga ukiwepo, hidrojeni moja hunyakuliwa. Oksijeni huingia mahali pake. Kisha msururu wa mabadiliko hupanda kutoka mkiani hadi kwenye pete na kuivunja. Ni kama moto unaoanzia kwenye nyasi za uani kabla haujashika nyumba.

Mwaka 2011 Manceau na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha polima nyingi za aina mbalimbali chini ya mwanga mmoja na hewa moja, wakatoa mwongozo ambao watengenezaji wa molekuli wanaurejea hadi leo. Vifungo viwili vilivyo wazi nje ya pete, kama vya PPV, vinapaswa kuepukwa. Vifungo vinavyokatika kwa urahisi, kama vile vya kaboni na oksijeni au kaboni na naitrojeni vilivyo kandokando ya mnyororo, vinadhoofisha. Aidha kaboni iliyobeba mikia miwili kwa wakati mmoja katikati ya pete, kama ilivyo katika jamii ya fluorini, ambayo isichanganywe na gesi ya florini, ni mlango mwingine wa oksijeni. Pete zilizoungana bega kwa bega, zisizo na mikia mingi, ndizo zilizoonekana kuwa imara zaidi.

Jambo hili linagusa moja kwa moja utafiti wa ukanda huu. Katika Chuo Kikuu cha Addis Ababa, Ethiopia, Wendimagegn Mammo na Shimelis Admassie walishirikiana kwa miaka mingi na wataalamu wa Sweden, wakiwamo Olle Inganäs na Mats Andersson, katika kubuni na kupima polima za seli za sola, na miongoni mwake zimo zile zilizojengwa kwa fluorini. Wakati kazi hiyo ilipofanywa katika miaka ya 2000, swali kuu duniani kote lilikuwa namna ya kuongeza ufanisi kwa kumeza sehemu kubwa zaidi ya mwanga wa jua. Swali la uhai wa nje lilipewa uzito baadaye, na baadhi ya viungo vilivyopendwa na maabara za mabara yote vikaonekana kuwa na kasoro ambayo taa za ndani hazikuwa zimeifichua.

Yapo majibu yaliyojaribiwa. Badala ya kaboni yenye mikia miwili, baadhi ya wakemia waliweka silikoni mahali hapo hapo, na uimara ukaongezeka. Wengine waliamua kuikata mikia kabisa. Frederik Krebs na kundi lake nchini Denmark walitengeneza polima ambazo mikia yake hushikiliwa kwa kifungo kinachovunjika kwa joto: wino huchapwa ukiwa na mikia, kisha utando hupashwa moto, mikia ikaruka kama moshi na pete zikabaki. Ni kazi ya fundi anayebomoa jukwaa lake baada ya ukuta kukamilika. Utando uliobaki ulikuwa mgumu, haukuyeyuka tena, na ulistahimili mwanga kuliko ndugu zake. Kasoro ilikuwa kwenye moto wenyewe. Kuikata mikia kulihitaji nyuzi joto 200 na zaidi, na plastiki ya bei nafuu inayotumika kama msingi wa seli hizo hujikunja kabla ya kufika hapo. Molekuli iliyo bora kwa jua ikawa mbaya kwa kiwanda.

Upande wa pili wa mchanganyiko

Ingekuwa kosa kuilaumu polima peke yake, kwani mwenzake katika mchanganyiko ana makosa yake. Fulereni zinazotumika katika seli, ambazo kwa kawaida huwa za aina iitwayo PCBM, zikimulikwa pasipo oksijeni huanza kuungana mbilimbili. Mpira unashikana na mpira, elektroni zinakosa njia nzuri, na umeme unashuka haraka katika siku za mwanzo. Wataalamu huita kipindi hicho cha anguko la awali kwa jina la kuunguza, na baada yake seli hutulia na kuzeeka polepole.

Hali kadhalika, fulereni inaweza kumlinda au kumsaliti jirani yake mbele ya oksijeni. Kundi la Michael McGehee la Chuo Kikuu cha Stanford lilionyesha mwaka 2012 kwamba fulereni zisizoishika elektroni kwa nguvu huiachia oksijeni, na oksijeni iliyopata elektroni ya ziada huwa kali zaidi dhidi ya polima. Fulereni zenye kuishika elektroni kwa nguvu hufanya kinyume chake, yaani hupunguza uharibifu. Tofauti hiyo haionekani kwa macho. Imo katika vikundi vidogo vya atomu alivyobandika mkemia juu ya mpira.

Kundi hilohilo lilitangaza mwaka 2011 kwamba seli za polima iitwayo PCDTBT, zikiwa zimefungwa ndani ya kioo, zingeweza kudumu takriban miaka saba, ilhali za P3HT zilizopimwa kwa namna moja zilikadiriwa miaka mitatu hivi. Makadirio hayo yalihesabiwa baada ya anguko la awali kupita, jambo ambalo mnunuzi wa kawaida asingelikubali kirahisi. Mtu anayenunua paneli hulipia siku ya kwanza.

Kuanzia mwaka 2015, pale kundi la Zhan Xiaowei la Chuo Kikuu cha Peking lilipotambulisha molekuli ya ITIC, fulereni zilianza kuachwa. Mwaka 2019 Zou Yingping na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Kati Kusini mjini Changsha, walileta Y6, iliyopandisha ufanisi hadi asilimia 15.7. Jamii ya Y6 ndiyo inayotawala sasa, na seli ndogo za maabara zimefikia takriban asilimia 20, kiwango kinachokaribia kile cha paneli za silikoni zinazouzwa madukani.

Furaha hiyo ilikuja na deni la zamani. Ili kuimeza miale mingi zaidi, ITIC na Y6 zimejengwa kwa kiini cha pete zilizoungana katikati na vikono viwili vinavyovuta elektroni pembeni. Kikono huunganishwa na kiini kwa nini? Kwa kifungo cha mara mbili kilicho wazi nje ya pete, kasoro ileile iliyoiua PPV. Miale ya urujuanimno hukipindua au kukifunga kwa namna isiyotakiwa, maji na alkali hukikata, na tabaka la oksidi ya zinki, ambalo hutumika sana kukusanya elektroni upande mmoja wa seli, huchochea uharibifu huo linapopigwa na miale hiyo. Kwa maneno mengine, sekta nzima ilirudi mahali ilipokuwa imeambiwa isikanyage. Haikuwa kwa uzembe, kwani daraja hilo ndilo linaloruhusu elektroni kuhama kutoka kiini hadi vikono, na hapo ndipo ufanisi ulipotoka.

Baadhi ya wakemia sasa hukifungia kifungo hicho ndani ya pete ili kisipate nafasi ya kujipinda. Wengine huongeza mikia minene karibu nacho, imfunike kama ua. Molekuli za namna hiyo hudumu zaidi, ila hatua za kuzitengeneza huongezeka, na kila hatua katika chupa ya mkemia ina bei yake.

Molekuli zinazohama

Ipo namna nyingine ya kufa ambayo haihitaji kifungo chochote kukatika. Mchanganyiko wa molekuli mbili ni kama mafuta na maji yaliyopigwa pamoja: yakiachwa, hutengana. Mchana utando mweusi juu ya bati hufikia nyuzi joto 60 au zaidi, molekuli ndogo zikapata nguvu ya kutembea, zikakusanyana na wenzake, na mipaka ambayo umeme huzaliwa ikapungua. Rangi ya utando haijapauka. Kila molekuli ni nzima. Umeme hautoki.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, walieleza namna ya kutabiri uhamaji huo kwa kuangalia jinsi molekuli zinavyopendana na jinsi zinavyotembea kwa wepesi. Molekuli ngumu, zisizolainika mpaka zifikie joto kubwa, huhama polepole. Njia nyingine iliyopata umaarufu ni kuziunganisha molekuli za jamii ya Y6 mbilimbili au kuzifanya mnyororo mrefu, kwa kuwa watu waliofungwa kamba moja hawatawanyiki haraka.

Kwa nini Katonga si maabara

Vipimo vingi vinavyotangazwa hufanyika chini ya taa zenye nguvu sawa na jua la adhuhuri, yaani wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, katika chumba kikavu. Seli iliyodumu saa 1,000 chini ya taa hiyo huonekana imefanya makubwa. Lakini ardhi ya Tanzania hupata kwa siku nguvu ya jua ya kati ya kilowati-saa nne na saba kwa mita ya mraba. Tukichukua tano kwa siku, saa 1,000 za taa ya maabara ni sawa na siku 200 za nje, ambazo hazitimii miezi saba. Dhamana ya miaka 25 ya paneli ya silikoni, kwa hesabu hiyohiyo, ni zaidi ya saa 45,000.

Tena nje si mwanga peke yake. Kigoma iko chini ya nyuzi tano kusini mwa ikweta, jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, na miale ya urujuanimno ni mikali. Mvua huleta unyevu, na ziwa lenyewe hutoa mvuke wake. Utando hupata joto mchana na kupoa usiku, kila siku, hadi gundi inayoyashikilia matabaka ya plastiki ianze kuachia pembezoni. Maji yakipata upenyo, tabaka lingine linalotumika sana katika seli hizi, lenye asili ya tindikali na linalopenda kunyonya maji, hulainika na kuanza kuzila sehemu za chuma. Kwa sababu hizo, mwaka 2011 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana juu ya taratibu za pamoja za kupima uimara, zinazojulikana kwa kifupi cha ISOS, na kuziweka katika makundi: gizani, chini ya taa, kwa kubadilisha joto, na nje kabisa. Kabla ya hapo kila maabara ilipima kwa mtindo wake, na miaka mitano ya huyu haikuweza kulinganishwa na miaka mitano ya yule.

Kuna jambo jingine la Katonga. Uvuvi wa dagaa husimama siku za mbalamwezi, kwa kuwa taa ya mvuvi haiwezi kushindana na mwezi. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi ziwani humo kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Katika vipindi kama hivyo betri hujaa na paneli hubaki juani bila kutoa umeme. Paneli ya silikoni haijali. Seli ya kikaboni hujali, kwani elektroni zisizopewa njia ya kutoka hurundikana ndani ya utando, na uchunguzi mwingi unaonyesha kuwa seli iliyoachwa wazi kwa namna hiyo huzeeka haraka zaidi kuliko inayofanya kazi. Mvuvi angelazimika kuikunja na kuiweka kivulini wakati wa mbalamwezi, kama anavyoanika na kuanua nyavu. Kwa kifaa kinachokunjika, hilo si sharti gumu.

Zilizokwisha kuingia Afrika

Teknolojia hii haijaishia maabara tu. Mwaka 2010 kundi la Krebs lilieleza taa ndogo yenye seli za polima zilizochapwa, betri na vijitaa vyake vikiwa juu ya karatasi moja ya plastiki yenye uzito wa takriban gramu 50. Iliundwa kwa ajili ya mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia, uliokusudia kuwaondolea watu wasio na umeme taa za mafuta ya taa. Iliwekwa tambarare juani mchana, na usiku ilikunjwa kuwa koni na kumulika.

Mjini Addis Ababa, jengo la amani na usalama la Umoja wa Afrika, lililojengwa kwa msaada wa Ujerumani, kuzinduliwa mwaka 2016 na kupewa jina la Julius Nyerere, lina tanga la kivuli lililopachikwa vipande vya seli za kikaboni. Vilitengenezwa na kampuni ya Belectric ya Ujerumani kwa malighafi za Merck. Huo ni mfano mzuri wa mahali panapoifaa teknolojia hiyo: tanga jepesi lisiloweza kubeba kioo. Haimaanishi kwamba kinachofaa juu ya jengo la wanadiplomasia kitafaa juu ya mtumbwi.

Biashara nayo imekuwa ngumu. Konarka, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2001 na kutangazwa sana kuwa kinara wa plastiki inayotoa umeme, ilifilisika mwaka 2012. Wakati huo paneli za silikoni zilikuwa zikishuka bei kwa kasi ambayo hakuna mchapaji wa polima aliyeweza kuifuata. Heliatek ya Dresden, Ujerumani, ilichagua njia tofauti kwa kutumia molekuli ndogo zinazofukizwa katika ombwe badala ya kuyeyushwa. Molekuli za aina hiyo hazihitaji mikia, na kwa hiyo lile lango la kwanza la oksijeni halipo.

Mwaka 2021 Li Yongxi na Stephen Forrest wa Chuo Kikuu cha Michigan walitangaza seli ya kizazi kipya kisicho na fulereni ambayo, kwa makadirio yao, inaweza kudumu zaidi ya miaka 30. Bila kinga, seli hiyohiyo ilishuka chini ya asilimia 40 ya nguvu yake ya mwanzo ndani ya wiki 12. Walichofanya ni kuweka tabaka la oksidi ya zinki upande wa jua ili limeze urujuanimno kabla haujafika ndani, na matabaka membamba mno ya molekuli za kuitenga rangi na vitu vinavyoichokoza kutoka pande zote mbili. Molekuli dhaifu ilibaki ileile, ila ilipewa majirani wapole. Miaka 30 hiyo ilikadiriwa kutokana na mwanga mkali uliotumika kuharakisha uzee. Haijapita juu ya paa lolote.

Katika mwalo wa Katonga, dagaa waliovuliwa usiku huanikwa asubuhi, na jua lilelile linalowakausha ndilo linalojaza betri za taa. Paneli zinazofanya kazi hiyo bado ni za silikoni, zikiwa zimefungwa kwa waya juu ya mabati. Utando wa kikaboni utakapofika katika maduka ya Kigoma, maandishi ya kutafutwa kwenye pakiti yake si asilimia ya ufanisi pekee, bali idadi ya miezi uliyokaa nje, mahali ulipopimwa, na kiasi cha umeme kilichobaki baada ya msimu wa kwanza wa mvua.